Barua ya Wazi: Aliyeokota Fedha Stendi Azipeleke Wapi?

Kwa:
Uongozi wa stendi kuu ya mabasi ya mji wetu,
Mkuu wa kituo kidogo cha polisi kilichomo ndani ya stendi,
na Halmashauri inayokusanya ushuru wa stendi hiyo.

YAH: FEDHA ZINAZOOKOTWA STENDI NA MASAIBU YA WANAOZISALIMISHA

Waheshimiwa,

Salaam, na poleni kwa majukumu.

Naandika kama katibu wa kikundi cha wabeba mizigo. Mnatufahamu: ndio sisi wa matoroli, tunaosubiri mabasi ya usiku na kuamka na ya alfajiri. Shauri hili tulianza nalo ndani, kama inavyotakiwa. Barua zetu zilipokelewa zikagongwa mhuri, nakala tunazo. Kikao kilipangwa, kikaahirishwa kwa sababu ya ugeni wa mkoa, na ugeni ulipoondoka hakuna aliyekikumbuka. Meneja alituambia masuala ya fedha ni ya polisi. Polisi wakatuambia eneo ni la stendi. Halmashauri ikatutaka tuandike upya kupitia kwa mtendaji wa kata. Ndipo tukaamua barua hii isomwe na kila mtu.

Jina la mji silitaji, wala la mtu yeyote. Msomaji wa mbali akidhani nazungumzia stendi ya kwao, huenda asiwe amekosea sana.

Kilichotokea kila mtu anakisimulia kwa namna yake, kwa hiyo nakieleza kama kilivyo kwenye barua zetu. Siku ya gulio, jioni, mwenzetu mmoja aliokota bahasha ya kaki iliyofungwa mpira, pembeni ya tairi la basi lililokuwa linapakia. Ndani mlikuwa na noti, nyingi za elfu kumi, na karatasi ya mahesabu ya dagaa yenye namba ya simu iliyofutika nusu. Hakuhesabu. Aliwaita wenzake wawili washuhudie, wakaongozana naye hadi kaunta. Akasema, “Afande, nimeokota hii.” Akajibiwa, “Umeokota, au umeiba ukaingiwa na hofu?”

Bahasha ikaingizwa chumba cha ndani. Yeye akabaki kwenye benchi. Hakuandikiwa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, hakuambiwa ni kiasi gani kimehesabiwa, na wenzake waliambiwa waondoke wasijaze kituo. Aliandikishwa maelezo, kisha akalazwa mahabusu “mpaka mwenyewe apatikane.” Kesho yake mwenyewe akapatikana, mama mmoja mnunuzi wa dagaa, akasema alifunga shilingi 1,480,000. Alizokabidhiwa zilikuwa 1,130,000.

Chumba kizima kikamgeukia kijana wa toroli. Aliyemwokoa ni yule mama mwenyewe: “Huyu angekuwa mwizi, mimi leo ningekuja kuchukua nini hapa?” Wakamwachia, bila shtaka na bila karatasi. Toroli lenyewe ni la kukodi, na hesabu ya siku alidaiwa kama kawaida. Na stendi, mnavyoijua, ilishampa jina. Sasa anaitwa Laki Tatu na Nusu. Watoto wa mama lishe wanamwita hivyo wakidhani ndivyo alivyobatizwa.

Nani alichukua hiyo laki tatu na nusu? Huenda bahasha ilichomoka noti kabla ya kuokotwa. Huenda mama alikosea kuhesabu, maana dagaa hununuliwa mwaloni alfajiri kwa mwanga wa tochi. Huenda ni kijana. Huenda ni mtu wa kaunta. Sisi hatujui, ninyi hamjui, na hakuna atakayejua kamwe, kwa sababu utaratibu wenu haukuacha hata mstari mmoja wa wino wa kutuonyesha. Malalamiko yetu yanaanzia hapo.

1. Fedha hazihesabiwi mbele ya aliyezileta, wala hapewi risiti.

Mtu akiingia stendi kumsindikiza mgeni wake analipa ushuru wa mia chache, na papo hapo mashine inamtolea risiti yenye tarehe, saa na namba. Mtu huyohuyo akikabidhi bahasha ya zaidi ya milioni moja anaondoka mikono mitupu. Hata aliyetuma fedha kimakosa kwa simu ana afadhali: muamala una namba, una dakika, una jina la aliyepokea, na akiwahi kuwapigia huduma kwa wateja wanaweza kuuzuia. Noti haina kumbukumbu yoyote zaidi ya ile atakayoiandika mpokeaji. Asipoandika, yeye na aliyeileta wote wawili wanabaki washukiwa mpaka uzeeni. Nashangaa askari wenyewe hawakudai daftari hilo kabla yetu, kwa kuwa linawalinda wao kwanza.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ambao hunukuliwa sana, na mara nyingi hunukuliwa vibaya. Watafiti walipeleka pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40, majirani zetu wa Kenya wakiwemo. Husemwa kwamba walikuwa wanapima uaminifu wa watu wa mitaani. Sivyo. Pochi hazikuangushwa barabarani. Zilikabidhiwa kwenye kaunta za benki, posta, hoteli, vituo vya polisi na ofisi nyingine za umma, mletaji akisema ameiokota hapo nje, ana haraka, wamsaidie kumtafuta mwenyewe. Kilichopimwa ni mtu wa kaunta angefanya nini baada ya mletaji kugeuka. Matokeo yake yana faraja kidogo: pochi zilizokuwa na fedha wenyewe walitafutwa zaidi, asilimia 51, kuliko zisizo na fedha, asilimia 40. Lakini usome pia upande wa pili. Kwa wastani wa dunia nzima, karibu nusu ya pochi zenye fedha ziliishia palepale kaunta. Kwa hiyo tunapomwomba mtu wa kaunta aandike na atie sahihi hatumtukani. Tunamwomba kile ambacho binadamu wa nchi 40 wameonyesha kwamba wanakihitaji.

2. Aliyeleta anageuzwa mtuhumiwa.

Kila mbeba mizigo anayeonekana na bahasha hutishiwa kosa la kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Basi na sheria tumeitafuta. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ndicho kinachoeleza wizi ni nini, na hakikumsahau muokotaji. Kinaeleza kwamba mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukitumia hahesabiwi kuwa amefanya udanganyifu ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe, na anaamini kwa sababu za msingi kwamba mwenyewe hawezi kupatikana.

Hapo kuna mambo mawili. Bahasha yenye karatasi ya mahesabu na namba ya simu mwenyewe anapatikana, kwa hiyo ukiitia mfukoni huo ni wizi, na wizi kwa Kanuni hiyohiyo unaweza kumfunga mtu hadi miaka saba. Vijana wetu tunawaambia hivyo bila kumumunya maneno, wapo wanaodhani kuokota ni bahati iliyoshuka kutoka juu. Noti ya elfu mbili inayopeperushwa na upepo katikati ya uwanja wa mabasi ni habari nyingine, na hakuna mwenye akili atakayedai ipelekwe kituoni. Jambo la pili ni hili: aliyeikuta bahasha, akaita mashahidi, akaileta kaunta kwa miguu yake, huyo amefanya kinyume cha wizi kwa kila hatua aliyopiga. Mnamlaza mahabusu kwa kosa gani?

Kutumia ni jela na kusalimisha ni mahabusu. Kilichobaki ni kuiruka bahasha kana kwamba hukuiona, na ndicho kinachofanyika siku hizi. Sababu za kuogopa zilikuwepo tangu zamani. Kuna matapeli wanaodondosha bunda mbele yako, mwenzao analiokota, anakunong’oneza mkagawane kichochoroni. Bunda ni magazeti yaliyokatwa, juu noti moja, na utatoka huko huna simu wala nauli. Kuna wanaoamini fedha ya kuokota ni ya ndagu, uchawi wa kutafuta utajiri, ukiigusa umejiuza. Kuna wanaoogopa chuma ulete, fedha ya kichawi inayovuta zako zikamfuate mwenyewe. Mimi ndagu haininyimi usingizi. Kaunta yenu ndiyo inayoninyima.

3. Hakuna anayetangaza.

Vipaza sauti vya stendi vinatangaza mabasi yanayoondoka, gari lililoziba njia, mtoto aliyepotezana na mama yake. Bahasha havitangazi. Tulipouliza tulijibiwa kwamba wakitangaza watakuja watu mia kudai. Ni kweli, watakuja. Hii ni stendi.

Lakini dawa yake ni ya zamani kuliko mabasi. Katika Hadithi iliyopokewa na Zaid bin Khalid al-Juhani, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kitu kilichookotwa alielekeza kitambuliwe chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha kitangazwe mwaka mzima. Chombo na kamba! Maana yake alama abaki nazo aliyeokota, na anayedai ndiye azitaje. Wakristo nao wanayo sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati: mali ya ndugu yako iliyopotea usijifiche nayo, itunze kwako mpaka atakapokuja kuitafuta. Sasa ninyi mna vipaza sauti, mna ubao wa matangazo, mna simu. Tangazeni tu kwamba kuna fedha zimeokotwa. Msiseme kiasi, msiseme zilifungwa na nini, msiseme ni upande gani wa stendi. Kati ya hao mia watakaokuja, wa kweli atajulikana. Yule mama aliutaja mpira mwekundu kabla hajaulizwa.

Mfumo wa mtandao wa polisi wa kutoa taarifa ya upotevu tunaufahamu na tunausifu, umewaokoa wengi waliopoteza vitambulisho na vyeti. Lakini umejengwa kwa ajili ya aliyepoteza. Muokotaji naye anahitaji mlango.

4. Zisipodaiwa zinakwenda wapi?

Swali hili limeulizwa kwenye kila barua yetu na halijawahi kujibiwa hata kwa kukwepa. Mtu akisalimisha fedha na mwenyewe asitokee, basi zimekwenda mahali. Zimekaa kwenye kasha? Zimepelekwa mahakamani? Zimeingia kwenye mapato ya Halmashauri? Tuonyeshwe tu.

Kwingine jibu limeandikwa. Ujerumani aliyeokota ana haki ya asilimia 5 ya thamani hadi euro 500, na asilimia 3 ya kinachozidi hapo, na miezi sita ikipita mwenyewe asijulikane, mali ni ya aliyeokota. Vitu visivyozidi euro 10 hata kuripoti si lazima. Japani mwenyewe anasubiriwa miezi mitatu, na akipatikana muokotaji anastahili zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20. Mwaka 2018, katika jiji la Tokyo pekee, polisi walikabidhiwa fedha taslimu zilizookotwa zaidi ya yen bilioni 3.8, na sehemu kubwa zilirudi kwa wenyewe. Wako wanaosema Wajapani wamelelewa hivyo. Huenda. Ila pia wana kibanda cha polisi mtaani, kuna fomu ya kujaza, kuna tarehe ya mwisho, na anayeleta hafungiwi.

Karibu zaidi na sisi ni Liberia. Mwaka 2021 kijana wa bodaboda, Emmanuel Tuloe, aliokota dola 50,000 za Marekani barabarani. Mwenye fedha alipolia redioni, kijana alizirudisha. Wenzake walimcheka kwamba atakufa maskini. Rais wakati ule, George Weah, alimpa dola 10,000 na ufadhili wa kurudi shule. Tulifurahi tuliposikia, hata hapa stendi ilizungumzwa. Lakini angalieni: bahasha ile haikupita kaunta yoyote. Aliihifadhi kwa ndugu yake mpaka alipomsikia mwenyewe kwa masikio yake. Na Rais hawezi kuitwa kwa kila bahasha ya dagaa.

5. Kurushiana mpira.

Nimeshaligusa. Meneja, Polisi na Halmashauri, kila mmoja anakusanya kitu ndani ya geti hilo, lakini fedha iliyookotwa haina mwenye dhamana. Kwenye mabasi ni vilevile: konda anasema mali iliyobaki kwenye kiti ni ya ofisi, na ofisi inasema muulize konda.

Najua mtakayotujibu, kwa sababu mengine mmeshatujibu kwa mdomo.

Mtasema waokotaji wenyewe hupunguza kabla ya kuleta. Wapo, sitabisha, sisi si malaika na stendi si madhabahu. Ndiyo maana daftari liandike kilichopokelewa, si kilichopotea. Mwenye fedha akija na kiasi kikubwa zaidi, ajue tofauti ilitokea kabla ya kaunta, na mtu wa kuulizwa yupo kwa jina na sahihi. Leo tofauti hiyo inaelea hewani na inamwangukia asiye na mtetezi.

Mtasema hakuna bajeti. Kitabu cha stakabadhi chenye kurasa za nakala kinauzwa dukani kwa yule bwana wa vifaa vya shule, nje ya geti la magharibi. Kama ushuru wa siku moja hautoshi kukinunua, kikundi chetu kitachanga.

Mtasema pia kwamba mtu mwaminifu haombi malipo. Kauli hii nimeisikia kwa mkubwa mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, na aliitoa kwa upole kabisa. Hatujaomba malipo. Kijana wetu hakutaka hata soda. Alitaka arudi kulala kwake.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tunaomba yafuatayo. Fedha yoyote inayozidi elfu ishirini ikiletwa, ihesabiwe juu ya meza mbele ya aliyeileta na shahidi mmoja, iandikwe, wote watatu watie sahihi, na mletaji aondoke na nakala yake. Asizuiliwe mtu kwa sababu tu ameleta. Kama kuna shaka nyingine, iandikwe ni shaka gani. Tangazo litolewe asubuhi na jioni kwa wiki nzima na libandikwe ubaoni, bila kutaja alama. Anayedai aulizwe kwanza, ndipo aoneshwe. Iwekwe siku maalumu, sisi tunapendekeza miezi mitatu, ambayo ikipita mtueleze hadharani zisizodaiwa zimepelekwa wapi kwa mujibu wa sheria, na kama sheria inaruhusu muokotaji afikiriwe, afikiriwe. Na kati yenu watatu, mtuteulie mmoja wa kuwajibika. Hatujali ni nani.

Ombi la mwisho halihusu utaratibu. Mwenzetu asafishwe jina. Aandikiwe barua yenye mhuri inayosema alileta fedha kwa hiari yake na hakushtakiwa kwa lolote, na barua hiyo isomwe kwenye vipaza sauti vilevile vinavyotangaza mabasi, siku ya gulio, saa ambayo stendi imejaa. Yule mama wa dagaa amekubali kuja kusimama naye siku hiyo.

Majibu yenu mnaweza kuyabandika kwenye ubao wa matangazo kando ya lango la kuingilia kabla ya mwisho wa mwezi. Tunasoma hapo kila siku. Hadi yatakapotoka, mwanachama wetu yeyote atakayeokota bahasha ataihesabu mbele ya watu, noti baada ya noti, mwenzake akirekodi kwa simu, ndipo ailete kaunta. Askari wa zamu watakaokerwa na kamera tunawaomba radhi mapema. Tutaizima siku ya kwanza watakapoandika risiti.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Katibu,
Kikundi cha Wabeba Mizigo wa Stendi
(kwa niaba ya wanachama)

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Wilaya
Viongozi wa msikiti na makanisa yaliyo jirani na stendi
Chama cha mawakala wa tiketi
Ubao wa matangazo